Mfarishi wa Pembesita, Kazi ya Safarini



Mama zangu na dada zangu, mwanamke wa pwani hupitisha sehemu kubwa ya umri wake akingoja. Hungoja mashua ijae abiria pale Mokowe, hungoja feri ya Likoni, hungoja jina lake liitwe kliniki, hungoja mtoto atoke chuoni. Wakati huo ni wake, lakini umekatikakatika: nusu saa hapa, dakika ishirini pale, na baina yake kuna kunyanyuka, kubeba mizigo na kutafuta kitambulisho. Kazi nyingi za mikono hazikubali wakati wa namna hiyo. Cherehani haipandi mashua. Ndiyo sababu bibi zetu walizishona kofia za vito popote walipokaa, kwani kofia hukunjwa ikaingia kikapuni, na ikishatolewa mtu huendelea palepale alipoachia. Ila kofia inataka macho makali na mkono uliofundishwa tangu utotoni, na si kila mmoja wetu alijaaliwa hayo.

Wiki hii nataka niwaeleze kazi nyingine ya kubebeka, ambayo kwetu ni changa ingawa kwengine ni kongwe. Ni mfarishi wa viraka vya pembe sita, unaoshonwa kwa mkono mtupu. Mfarishi ni neno letu la zamani. Wengi leo husema blanketi la viraka. Nitaeleza kwanza jinsi inavyofanywa, kisha niseme kwa nini nimeishika mimi.

Siri ya kazi hii ni karatasi. Hukatwa karatasi ngumu kidogo yenye pembe sita zilizo sawa. Kitambaa hukatwa kikubwa kuliko karatasi kwa robo tatu ya sentimita kila upande, kikakunjwa juu ya kingo za karatasi, kikapigwa bandi kwa uzi wa rangi nyingine ili uonekane wakati wa kuufumua. Hapo kitambaa laini hupata ukingo ulionyooka. Vipande viwili huwekwa uso kwa uso, vikaungwa ukingo kwa ukingo kwa mishono midogo ya kupindia, sindano ikidaka nyuzi mbili tatu tu za kila kitambaa na kuiepuka karatasi. Kipande kikishazungukwa na wenzake pande zote sita, bandi yake hufumuliwa na karatasi hutolewa, ikangojea kipande kingine.

Kuipata pembesita yenyewe hakuhitaji kununua kitu. Chukueni bikari ya mtoto wa shule, mwifungue kwa sentimita 3, mchore duara. Kisha, bila kuubadilisha upana wa bikari, tembeeni nayo juu ya lile duara. Itapiga alama sita barabara na kurudi ilikoanzia. Unganisheni alama hizo kwa rula. Kipande cha kwanza kikateni kwa kadi ngumu, nacho kiwe kigezo cha kuchorea vyengine vyote. Karatasi moja ya kuandikia barua ofisini hutoa takriban vipande 20 vya kadiri hiyo. Kitambaa cha kila kimoja kikateni mraba wa sentimita 8 kwa 8, halafu mpunguze pembe zinazozidi.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini pembe sita, na mraba ni mwepesi zaidi? Maumbo yenye pande sawa na pembe sawa yanayoweza kuenea sakafuni bila kuacha mwanya ni matatu tu: pembetatu, mraba na pembesita. Kati ya hayo matatu, kwa eneo lilelile, pembesita ndiyo yenye mzingo mfupi, na mzingo mfupi maana yake ni mishono michache. Nyuki wameijua hesabu hiyo katika masega yao. Tena pembe zake ni butu, hivyo kitambaa hukunjika vizuri kuliko kwenye ncha kali ya pembetatu, ambapo hujikusanya na kuwa donge. Kipande kimoja kikizungukwa na sita huwa ua la vipande saba, na maua hayo hushikamana yenyewe kwa yenyewe bila kuhitaji kitu cha kujazia katikati.

Ua moja lina maungio 12: sita ya kuzunguka kitovu, na sita baina ya majani yake. Mshonaji wa kawaida hulimaliza kwa muda wa saa moja na nusu, bandi zikiwamo. Hicho ndicho kipimo cha safari. Mtu hafungi safari na mfarishi mzima, hufunga na vipande saba, kumi na vinne, ishirini na kimoja. Basi likitikisika ataacha baada ya mshono wa tatu, na ule wa nne utamngoja.

Waingereza wamekuwa wakishona viraka juu ya karatasi kwa zaidi ya miaka 300. Upo mfarishi wao wa hariri ulioandikwa mwaka 1718, na karatasi zake zimo ndani hadi leo. Watu wa historia huzipenda sana karatasi hizo. Zamani karatasi ilikuwa ghali, kwa hivyo wanawake walikata barua za zamani, hesabu za duka na madaftari ya watoto, na mfarishi ambao haukumalizwa hubaki umeyahifadhi maandishi ya nyumba nzima. Mtindo huo ulivuka bahari. Mwaka 1835 jarida la wanawake la Marekani, Godey's Lady's Book, lilichapisha mchoro wa pembesita, na karne moja baadaye ukawa maarufu huko kwa jina lenye maana ya bustani ya maua ya bibi.

Hapa kwetu kuhusu karatasi kuna jambo la kuangaliwa. Msichukue ukurasa wa daftari la chuoni, wala kadi ya harusi yenye Bismillahi, wala karatasi yoyote yenye aya au jina la Mwenyezi Mungu, kwani vipande hivi huanguka chini, hukaliwa na hatimaye hutupwa. Someni hata orodha za majina; Abdallah na Abdulrahman ni majina yenye jina ndani yake. Kalenda ya picha, boksi la unga wa keki au bahasha ya bili ya umeme yatosha.

Safari maarufu kuliko zote katika historia ya kazi hii ni ya meli iliyoitwa Rajah. Iliondoka Woolwich, Uingereza, tarehe 5 Aprili 1841, na kufika Hobart, katika kisiwa ambacho leo ni jimbo la Tasmania la Australia, tarehe 19 Julai. Siku 105. Ndani yake walikuwamo wanawake 180 waliohukumiwa kuhamishwa nchi, wengi kwa makosa ya wizi. Chama cha wanawake kilichoasisiwa na Elizabeth Fry kiliwapa mfuko kila mmoja: sindano 100, pini, mkasi, subana ya kuvalisha kidole, nyuzi za rangi na ratili mbili za viraka. Walipokuwa safarini, baadhi yao walishona mfarishi mmoja wa vipande 2,815, wenye upana wa zaidi ya mita tatu kila upande. Huo si wa pembesita. Una miraba na pembetatu zilizozunguka kitovu cha maua na ndege. Ulipotea kwa muda mrefu, ukaonekana Scotland katika miaka ya 1980, na sasa umo katika jumba la sanaa la taifa huko Canberra. Mwanamke aliyewasimamia melini, Kezia Hayter, alichumbiwa na nahodha kabla meli haijatia nanga. Haya ni ya pembeni, lakini najua wapo mtakaopenda kuyajua.

Mimi siwaungi mkono wanaousimulia mfarishi ule kana kwamba sindano iliwafutia wale wanawake adhabu yao. Wengi wao hawakurudi makwao tena. Ninachokiona mimi ni hesabu. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu, asiyejua siku ya kufika wala atakachokikuta, alipewa ratili mbili za vitambaa, akapata jambo moja ambalo jana lilikuwa dogo na leo limekuwa kubwa kidogo.

Wasichana wadogo waliofungwa na Wajapani katika gereza la Changi, Singapore, baada ya mji ule kuanguka Februari 1942, walifanya vivyo hivyo, na wao walitumia pembesita hasa. Waliokota vitambaa chakavu, wakachomoa nyuzi katika nguo zilizochanika, wakashona maua, na kila mmoja akatarizi jina lake. Mfarishi wao upo katika jumba la kumbukumbu za vita mjini London.

Nasi pia, tukiangalia vizuri, si wageni wa kuunga. Leso tunazojifunga zimepata jina lao kutoka kwa Wareno, kwa maana ya kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kuwa katikati ya karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walikuwa wakivinunua vitambaa hivyo kabla havijatenganishwa, wakikata sita kwa pamoja, tatu kwa tatu, wakaviunga vikawa nguo moja. Kisha wenye maduka wakaona ni heri waipige chapa nguo nzima. Na ng'ambo ya bahari yetu, katika jimbo la Karnataka, India, wapo Wasidi, watu ambao asili yao ni Afrika, miongoni mwao Waislamu. Wanawake wao hushona mifarishi ya nguo kuukuu iitwayo kawandi. Huanza pembezoni na kuingia ndani, na katika pembe nne huongeza vipande vidogo wanavyoviita maua. Bila hivyo, kwao, mfarishi huhesabiwa uko uchi.

Sasa niseme kwa nini nimeishika kazi hii.

Dada yangu mkubwa anaishi Lamu, na tangu mfunguo pili anatibiwa saratani Mombasa. Kila wiki ya tatu hutiwa dawa kwa mpira wa mshipani, na kila wiki ya tatu mimi humfuata, tukavuka naye alfajiri kwenda Mokowe na kupanda basi: Witu, Garsen, Malindi, Kilifi. Ni zaidi ya kilomita 300, na vizuizi vya askari njiani, ambapo abiria huteremka na vitambulisho mkononi. Hospitalini tunakaa kutwa, na chumba cha dawa kina ubaridi wa mashine. Safari ya kwanza alitetemeka chini ya buibui na mtandio. Akaniambia, "Laiti ningekuwa na leso za mama." Basi kazi ikapata sababu yake.

Marehemu mama yetu, Mungu amrehemu, ameacha doti 17 kashani, na tangu afariki hakuna aliyezigusa. Hapa pana jambo ambalo wanawake wengi hulipita mbio. Siku za matanga mabinti huwa wanagawana leso za mama yao kama zawadi, na ndugu wa kiume hawaulizwi kwa kuwa ni nguo za kike. Lakini kila alichokiacha maiti, hata leso na mbuzi ya kukunia nazi, ni mali ya warithi wote kwa mafungu yao, baada ya mazishi, deni na wasia. Akiwapo mrithi aliye mtoto mdogo, fungu lake haligawiwi kwa ukarimu wa wakubwa. Kwa hivyo kabla mkasi haujagusa kitu tuliwauliza kaka zetu watatu. Wawili walitoa ridhaa siku ileile. Wa tatu, aliyeko Muscat, alikaa kimya siku nne, kisha akajibu kwamba anaridhia zote zikatwe isipokuwa moja, ile ambayo mama aliivaa siku ya harusi yake. Hiyo imerudi kashani. Mwenye shaka katika mambo haya amwulize sheikh wake au aende kwa Kadhi. Kuuliza kabla ya kukata ni kwepesi kuliko kuunga ukoo baadaye.

Hatukuzikata nzima. Leso moja yatosha kutoa vipande zaidi ya 200, na sisi tulihitaji rangi nyingi kuliko wingi wa nguo. Tulichukua pindo na sehemu ya mji, na kila penye jina tumepaacha salama. Zote zilifuliwa kwanza kwa maji baridi yenye chumvi, kila moja peke yake, maana nyekundu za zamani bado huchuja. Mfarishi wa kufunika magoti, sentimita 100 kwa 130, ulikadiriwa vipande 560, yaani maua 80. Tumegawana kazi: mimi na dada safarini, na binti yake nyumbani.

Maua ya mwanzo dada aliyashona mwenyewe. Ana mkono mzuri kunishinda, mishono yake ya safari ya kwanza huwezi kuiona. Safari ya tatu alinionyesha vidole. Alisema ncha zake zimekuwa kama zimevaa soksi. Baadhi ya dawa za saratani hufanya hivyo, hufisha hisia za vidole vya mikono na miguu. Alitaka kunyamaza ili asiambiwe aache kushona. Tulimwambia daktari, naye akaandika na kupunguza kipimo, na akatutahadharisha juu ya jambo ambalo wengi hatulifikirii: dawa hizi hushusha kinga ya mwili, na tundu dogo la sindano ambalo mtu mwengine angelinyonya na kulisahau, kwake laweza kuingiza maradhi. Wenye wagonjwa wa namna hii majumbani, ulizeni kwanza kabla hamjawapa sindano ya kushonea, na muwaambie madaktari ganzi ikianza, isingojewe hadi mtu ashindwe kufunga kifungo.

Dada ameshona maua 11. La kumi na moja mishono yake ni mirefu na imepishana, na pahali pamoja uzi umejifunga. Binti yake alitaka kulifumua alishone upya ili lifanane na mengine. Nilimkataza, na lile ua limeshaungwa mahali pake.

Tangu hapo dada ndiye mchaguzi. Humwagia vipande juu ya trei ya chakula, akavisukuma kwa kiganja, akaweka manjano kando ya zambarau, akatoa, akarudisha. Wauguzi wameanza kusimama kutazama, na mgonjwa wa kiti cha jirani, bibi mmoja wa Taita, ametuletea kipande cha gauni lake kiingie. Kimeingia, ni kitovu cha ua la 29.

Kwa mwenye kutaka kuanza, mkebe wangu wa safari una haya: vipande 21 vilivyokwisha kupigwa bandi nyumbani, maana bandi ndiyo kazi inayotaka meza, sindano tatu fupi nyembamba, uzi wa pamba wa kijivu, ambao hukubaliana na kila rangi, subana, na kikata kucha badala ya mkasi. Mkasi wenye ncha huweza kuzuiwa kwenye ukaguzi wa stesheni ya reli au uwanja wa ndege, kikata kucha hukata uzi na hakimtishi mtu. Sindano zihesabiwe wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Ikianguka kitini, basi lote lisimame mpaka ionekane, kwa sababu atakayekaa hapo baadaye huenda akawa na mtoto mchanga. Barabara yenye mashimo si pa kushona. Na mwenye kichefuchefu cha safari aiache kazi mkobani hadi mahali pa kungojea. Ukitazama chini gari likienda utalipa.

Tumefika maua 46. Kilichobaki ni bitana na ujazo, na hapo bado tunabishana. Binti anataka pamba nene kama ya mablanketi ya dukani. Mimi naona shuka moja kuukuu ya pamba katikati yatosha, kwa kuwa kusi hupita, na kaskazi itakuja na jasho lake. Dada hataki ujazo wowote. Anataka nyuma iwe leso moja nzima ya mama, isiyokatwa, ili ndiyo iguse magoti yake. Ila iliyobaki nzima ni ile ya kaka wa Muscat. Tumemwandikia, na jawabu halijafika.

Wassalaam.